Hati mkononi haitoshi: Mahakama ya Juu yataka kujua shamba lilikotoka

MKULIMA anapomaliza kulipa deni la ploti na hati ikatoka ikiwa na jina lake, jambo la kwanza analofanya kwa kawaida ni kuifunga hati hiyo kwenye karatasi ya plastiki na kuificha sandukuni pamoja na vyeti vya watoto. Kwake safari imekwisha. Jirani akileta maneno ya mpaka, ataonyeshwa hati. Benki ikitaka dhamana, itapelekewa hati. Na karani wa kaunti akija na tingatinga, naye atatolewa hati hiyo hiyo usoni.

Nchini Kenya, imani hiyo imepata pigo kubwa. Katika hukumu kadhaa zilizotolewa miaka ya karibuni, Mahakama ya Juu imesema waziwazi kwamba hati ni kitu kinachopatikana mwishoni mwa mchakato, na kama mchakato wenyewe ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, hati hiyo haina nguvu ya kumkinga mtu, hata kama aliyenunua alilipa bei kamili na hakujua lolote.

Hukumu hizo hazikuishia kwenye ardhi. Mahakama hiyo hiyo imeamua juu ya mgawo wa mali kati ya mume na mke, ushuru unaotozwa malori barabarani, kodi ya wafanyabiashara wadogo na namna ya kumfuta mfanyakazi. Magazetini hukumu hizo hutajwa siku moja kisha zikasahauliwa, ilhali ndizo zinazoongoza uamuzi wa kila hakimu na jaji, kuanzia Lodwar hadi Kwale.

Mahakama ya Juu iliundwa na Katiba ya mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2011. Ina majaji saba, na sharti wawe watano au zaidi ndipo kesi isikizwe. Kifungu cha 163 cha Katiba kinasema mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi yake. Kabla ya hapo, Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyokuwa kilele. Hii ndiyo sababu kesi ya kampuni moja tajiri inaweza kugeuka kuwa sheria kwa mwenye robo ekari ya mahindi ambaye hajawahi kuuona mlango wa mahakama.

UKUTA WA NYALI

Kesi iliyowashtua wengi ilihusu ploti ya karibu na bahari huko Nyali, Mombasa. Mnamo Septemba 2017, serikali ya Kaunti ya Mombasa ilifika na kubomoa ukuta, ikidai kwamba eneo hilo lilikuwa njia ya wananchi kufika ufuoni. Kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hati ya ploti hiyo, ikaenda mahakamani.

Historia ya ploti yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1989 iligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kutoka kwake ikauzwa kwa kampuni moja, na kampuni hiyo nayo ikaiuza kwa Dina Management. Kwa hiyo Dina alikuwa wa tatu katika mnyororo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: alinunua kwa pesa zake, rejista ilionyesha jina la muuzaji, na hakushiriki katika hila yoyote kama ilikuwapo.

Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake tarehe 21 Aprili 2023. Ilisema ardhi hiyo ilikuwa eneo la wazi la umma na hakukuwa na ushahidi kwamba hatua zinazotakiwa na sheria zilifuatwa ilipogawiwa mara ya kwanza. Ikiwa mgawiwa wa kwanza hakupata haki yoyote, basi hakuwa na kitu cha kumpa wa pili, na wa pili hakuwa na cha kumpa wa tatu. Nia njema ya mnunuzi haikuweza kulitia uhai jambo lililozaliwa likiwa limekufa.

Miezi mitano baadaye, Septemba 2023, mahakama hiyo ikakazia msumari katika kesi ya Torino Enterprises. Kampuni hiyo ilidai ardhi ya Embakasi, Nairobi, iliyokuwa inakaliwa na jeshi. Ilikuwa imeinunua kutoka kwa kampuni nyingine ambayo ilikuwa na barua ya kugawiwa ardhi. Majaji walisema barua hiyo ni ahadi tu ya serikali kwamba mtu atapewa ardhi akitimiza masharti, likiwemo la kulipa ada zilizotajwa kabla ya muda kupita. Haimpi mtu umiliki, na haiwezi kuuzwa kana kwamba ni shamba lenyewe.

Hapa wapo wasomaji wengi watakaoshtuka. Katika miji midogo ya Kenya, ploti nyingi za soko hubadilishana mikono kwa barua hizo hizo. Mfanyabiashara anauziwa barua iliyotolewa na lililokuwa baraza la mji, anaandikiana na muuzaji mbele ya wakili au mzee wa mtaa, kisha anajenga duka la mawe. Miaka kumi inapita bila tatizo. Siku barabara inapopanuliwa ndipo anapoambiwa kwamba aliyemuuzia alikuwa anauza ahadi ambayo pengine masharti yake hayakuwahi kutimizwa.

NINI CHA KUTAZAMA

Wengi hufanya sachi katika ofisi ya ardhi na kuridhika. Sachi ni muhimu, lakini humwonyesha mnunuzi mwenye ardhi wa leo na kama kuna mkopo au kizuio kilichowekwa. Haisimulii ardhi ilikotoka. Baada ya hukumu ya Dina, mnunuzi mwangalifu hana budi kuuliza kuhusu mgao wa kwanza: je, ardhi hii iliwahi kuwa ya umma? Kama ndiyo, iligawiwa lini, na nani, kwa ramani ipi, na risiti za malipo ziko wapi?

Njia moja ni kuomba nakala ya kadi ya kijani, ile rejista inayoandika kila mmiliki tangu hati ya kwanza. Nyingine ni kwenda na mpimaji mwenye leseni hadi shambani akalinganishe bikoni na ramani. Ya tatu haigharimu kitu, nayo ni kuuliza wazee wa pale. Wazee hukumbuka lilipokuwa josho la ng'ombe, ulipokuwa uwanja wa mnada, na mahali ilipopita njia ya mifugo kwenda mtoni. Ardhi za namna hiyo ndizo zilizomegwa sana katika miaka ya themanini na tisini, na ndizo zinazoweza kumtokea mnunuzi puani sasa.

Kwa ardhi ya kilimo, yapo pia masharti ya kawaida ambayo hukumu hizi hazikuyaondoa: idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ridhaa ya mke au mume ikiwa shamba ni mali ya ndoa. Madalali hupenda kuyaita hayo makaratasi ya kupoteza wakati. Dalali akishapata asilimia yake huwa hapatikani tena kwenye simu.

Ni haki kusema pia kwamba msimamo huu wa mahakama una upande mchungu. Mtu aliyedunduliza pesa za maziwa kwa miaka kumi na tano hana uwezo wa kuchunguza faili za mwaka 1989 Nairobi, faili ambazo mara nyingine maafisa wenyewe husema hazionekani. Aliyeiba ardhi ya umma alikwisha kula fedha zake, na anayebaki na hasara ni wa mwisho kununua. Anachoweza kufanya ni kumshtaki aliyemuuzia arudishe bei, ikiwa bado yuko hai au kampuni yake haijafungwa. Hata hivyo majaji walikuwa na sababu yao. Kama kila ardhi ya umma ingesafishwa kwa kuuzwa mara mbili, basi njia za kwenda baharini, viwanja vya shule na masoko vingekwisha.

SHAMBA LA BABA, JINA LA KAKA

Ardhi iliyotokana na ukoo ina shida nyingine, na hapa Mahakama ya Juu ilitoa mojawapo ya hukumu zake zenye maana kubwa vijijini. Ilikuwa Oktoba 2018, na kesi ilitoka Meru. Ndugu wa ukoo mmoja walikuwa wakivutania shamba lililosajiliwa kwa jina la mmoja wao. Wengine walidai kwamba aliandikwa kwa niaba ya ukoo mzima.

Ili kuielewa kesi hiyo, lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1954, mpango wa Swynnerton ulipoanzishwa na serikali ya kikoloni. Vipande vya mashamba vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, vikapimwa na kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ni wakati wa Hali ya Hatari. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Palipokuwa na ndugu wanne, mara nyingi aliyeandikwa ni kaka mkubwa, au yule aliyekuwa nyumbani siku wapimaji walipopita. Katika familia nyingi hilo halikuleta neno, maana wote walijua kaka ameandikwa kwa ajili ya wote.

Shida ilikuja kaka alipofariki na watoto wake wakasoma hati. Sheria ya zamani ya ardhi iliyosajiliwa ilikuwa imeweka ukuta mrefu: usajili wa kwanza haukuweza kurekebishwa hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Katika miaka ya sabini zilitoka hukumu zilizosema kwamba mtu akishasajiliwa, haki za kimila za wenzake zimekufa. Kwa hukumu za namna hiyo, watu walifukuzwa kwenye makaburi ya babu zao.

Mahakama ya Juu ilisema usajili haufuti amana ya kimila. Mwenye jina kwenye hati anaweza kuwa ameshikilia shamba kwa niaba ya wengine, na haki hiyo ya wengine inambana hata kama haijaandikwa popote kwenye rejista. Majaji walieleza mambo yanayopaswa kuthibitishwa: kwamba kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi, kwamba anayedai ni wa familia au ukoo huo, na uhusiano wake si wa mbali mno hadi dai lionekane la kubahatisha, kwamba angestahili kuandikwa kama si jambo fulani lililotokea katikati, na kwamba anayeshtakiwa naye ni wa familia au ukoo huo huo.

Jambo jingine lililowapa nafuu wengi ni kwamba si lazima anayedai awe anaishi au analima kwenye shamba hilo. Zamani, aliyekuwa ameondoka, tuseme kwenda kufanya kazi Mombasa au kuhamia Bonde la Ufa, aliambiwa kwamba kwa kuwa hakai pale hana lake. Sasa anaweza kusikizwa, ingawa mahakama ilionya kwamba si kila anayetaja jina la babu ana amana ya kimila. Ushahidi lazima uwepo, na wazee wanaojua historia ya miaka ya hamsini wanazidi kupungua kila mwaka. Familia yenye dai la namna hii ingefanya vyema kuyaandika maelezo ya mzee na kuyaapisha kwa wakili mzee angali na kumbukumbu.

Mnunuzi naye ana funzo lake. Anayeuziwa shamba la ukoo na mwenye hati mmoja, huku ndugu watatu wanakaa humo na wamejenga, hawezi kujifanya hakuwaona.

JEMBE LA MKE LINAHESABIWA

Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mume na mke waliotengana, waliokuwa wakigombania nyumba na vyumba vya kupangisha katika mtaa wa Tassia, Nairobi. Vilisajiliwa kwa jina la mume. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu. Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo.

Habari zilipotoka, vijiwe vingine vilisema wanawake wamepewa nusu ya kila kitu, na vingine vikasema wamenyimwa. Zote mbili ni nusu ya ukweli. Majaji walisema Katiba inawapa wanandoa haki sawa, lakini usawa huo haumaanishi kwamba mali hukatwa katikati ndoa ikivunjika. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Katika kesi ya Tassia mke alionyesha kwamba alikuwa na kazi, alichukua mikopo na alichangia kwa fedha na kwa kutunza nyumba, ndiyo maana akapata nusu.

Kwa familia za wakulima, neno lenye uzito ni hilo la mchango. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inautaja wazi: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, na kazi ya shambani. Mama aliyechuma chai ya nyumbani kwa miaka ishirini huku malipo yakiingia kwenye akaunti ya mume kwa kuwa nambari ya mkulima kiwandani ni ya mume, amechangia. Tatizo lake ni kuthibitisha. Risiti za mbolea, rekodi za chama, vitabu vya mikopo ya sako, jumbe za M-Pesa alizotumia kulipa vibarua, hata ushahidi wa majirani waliomwona akipalilia, vyote hivyo vina maana mbele ya jaji. Bahati mbaya ni vitu ambavyo hutupwa.

Mwezi huo huo mahakama iliamua kesi nyingine ya watu wawili walioishi pamoja zaidi ya miaka ishirini huko Dagoretti bila ndoa halali. Majaji walikataa kudhania kwamba walikuwa wameoana, kwa kuwa mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine ya awali. Lakini walisema mali waliyoichuma pamoja haiwezi kuchukuliwa yote na mmoja, wakaigawa kwa asilimia 70 na 30 kulingana na mchango. Kwa maneno mengine, hata asiye na cheti cha ndoa si lazima aondoke mikono mitupu, ila naye atadaiwa ushahidi.

Na Juni 2025, mahakama hiyo ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa na baba Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu hiyo, kwa kuwa ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Hukumu hiyo imezua mjadala mkali Pwani na mahakama za Kadhi, na mjadala huo ni mpana kuliko ukurasa huu.

LORI KWENYE KIZUIZI

Anayepeleka viazi, ndizi au ng'ombe mjini anakijua kizuizi cha kaunti kuliko anavyoijua Katiba. Analipa ushuru wa mazao anapotoka, anasimamishwa tena kaunti ya pili, na akifika sokoni analipa ya mlangoni. Wote hao wana vitabu vya risiti.

Kesi iliyogusa jambo hilo haikuletwa na mkulima. Base Titanium, kampuni iliyokuwa ikichimba madini Kwale, ilikuwa ikisafirisha mzigo wake kwa malori hadi bandarini Likoni. Kaunti ya Mombasa ikayatoza malori hayo ushuru. Kampuni ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa tena Mahakama ya Rufaa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi. Kaunti, ilisema, ina ruhusa ya kutoza ada ya huduma inayoitoa, na barabara kuu ambayo ni ya serikali ya kitaifa si huduma ya kaunti.

Msingi uko katika kifungu cha 209 cha Katiba. Kinazipa kaunti kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma, kisha kinaongeza kwamba mamlaka hayo yasitumiwe kwa namna inayoumiza biashara kati ya kaunti na kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini.

Je, hilo lina maana kwamba mwenye pikapu ya nyanya anaweza kukaidi kizuizi? Si busara. Hukumu ilihusu ushuru mahsusi katika sheria ya fedha ya kaunti moja, na kila kaunti ina sheria yake. Ada ya soko ambako kaunti imejenga vibanda, choo na taa ni halali. Lakini wasafirishaji na vyama vya ushirika wana hoja nzito sasa ya kuuliza: huduma ninayolipia hapa ni ipi? Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja saa tisa usiku kizuizini halina maana. Likiulizwa kwa barua na ushirika wenye wanachama elfu moja, kabla bunge la kaunti halijapitisha mswada wa fedha wa mwaka, huenda likasikika.

KODI NA WAFANYAKAZI

Kuhusu kodi za kitaifa, wafanyabiashara hawakupata walichotarajia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kupandisha kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hiyo ya mwisho iliwalenga wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Mwenye duka la pembejeo anayeuza bidhaa za Sh2 milioni aliona kodi yake ikitoka Sh20,000 na kuwa Sh60,000. Ikumbukwe kodi hii hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwaka wa hasara nao unalipiwa.

Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria yote, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Furaha ilikuwa fupi. Agosti Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikaubatilisha. Majaji walisema Bunge halilazimiki kurudi kwa wananchi kwa kila badiliko linalotokana na maoni yaliyokwisha kukusanywa, na Katiba hailitaki litoe sababu kwa kila pendekezo lililokataliwa, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Waliotumaini kwamba kutoa maoni kwenye ukumbi wa kaunti kungelifunga Bunge mikono waliambiwa hivyo sivyo.

Waajiri wadogo nao wana lao. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya Kenfreight, mahakama ilieleza kwamba kumlipa mfanyakazi mshahara wa notisi na kumwonyesha mlango hakutoshi. Lazima iwepo sababu ya haki na apewe nafasi ya kujieleza. Asipopewa, fidia inaweza kufikia mshahara wa miezi 12. Mwenye kinyozi, mwenye hoteli ya barabarani, mwenye shamba la kuku lenye vijana wanne, wote wamo. Barua moja ya onyo na kikao kimoja kilichoandikwa kwenye daftari ni nafuu kuliko fidia hiyo.

WALIOSUBIRI MIAKA

Si kila anayefika kileleni hurudi na furaha. Maskwota wa Sirikwa waliodai mashamba makubwa ya Uasin Gishu, ambayo zamani yalikuwa ya walowezi na baadaye ya kampuni, walikuwa wameshinda katika ngazi za chini. Desemba 2023 Mahakama ya Juu iliwapokonya ushindi huo. Ahadi walizodai kupewa na serikali, ilisema, haziwezi kuzaa umiliki pale ambapo sheria yenyewe haikufuatwa. Ukiitazama vizuri, ni kanuni ile ile ya Nyali. Kule ilimwangusha mwenye hati, huku ikamwangusha asiye nayo.

Kwa upande mwingine, mwaka 2021 kampuni ya Zinj, ambayo serikali ilikuwa imeigawa ardhi yake ya Kilifi kwa watu wengine na kuwapa hati, ilithibitishiwa haki ya kulipwa fidia. Na mwaka huo huo wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa nyumba mwaka 2011, walisikia kwamba maskini wanaokaa kwenye ardhi ya umma, ingawa hawana hati, wana haki ya makao inayopaswa kulindwa wasifukuzwe kama wanyama. Walisubiri zaidi ya miaka tisa kuambiwa hivyo.

Muda huo, pamoja na gharama, ndio unaowazuia wengi. Kesi hufika Mahakama ya Juu ikiwa inahusu tafsiri ya Katiba, au ikithibitishwa kwamba ina umuhimu kwa umma. Kesi ya mpaka kati ya majirani wawili haitafika huko. Itaamuliwa na mahakama ya hakimu au ile ya Ardhi na Mazingira, lakini jaji wake atakuwa na hukumu hizi mezani, na wakili asiyezijua atamgharimu mteja wake.

Kuzipata si kazi. Zote huwekwa bure kwenye mtandao wa Kenya Law, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua akamsomea baba yake. Shida ni lugha. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini hukumu zilizoelezwa hapa, pamoja na ile ya amana ya kimila ambayo wazee wa Meru ndio waliokuwa mashahidi wake wa kwanza, zote zimeandikwa kwa Kiingereza.